Siku nne na nusu za kwanza za mimba ya panya: protini zinazofanya kazi, na juu ya nini mimba zingine hazishiki

Panya jike anabeba mimba siku 19 au 20 tu. Makala hii inahusu siku nne na nusu za kwanza, tangu mbegu ya kiume inapoingia kwenye yai mpaka kiinitete kinapojishika kwenye ukuta wa tumbo la uzazi. Katika siku hizo mama panya haonyeshi dalili yoyote. Kiinitete kinaelea peke yake, kwanza kwenye mirija ya uzazi, kisha kwenye tumbo la uzazi lenyewe, bila kushikana na mama. Lakini huko ndani kazi ni nyingi, na wafanyakazi wake ni protini.

Juu ya nini redio ya hapa kwetu iandike habari za tumbo la panya? Kwa sababu mimba nyingi, za wanyama na za watu, zinapotea katika siku hizi za mwanzo, mbele hata mama ajue kama alikuwa nayo. Na katika mitaa yetu mwanamke ambaye mimba zake hazishiki anasemwa sana. Wakwe wanasema alitoa mimba akiwa msichana. Majirani wanasema amelogwa, ao damu yake na ya bwana hazipatani. Watafiti wa panya wamechungulia hizi siku nne na nusu na kutafuta kitu gani kinakosekana pale kazi inapokwama. Walichokuta kinafaa kujulikana hata kwa mtu asiyefuga panya.

Maneno matatu ya kushika kwanza

ADN ni kitabu kikubwa cha maagizo. Kinakaa ndani ya kiini cha kila seli na hakitoki mule. Agizo moja katika kitabu hicho linaitwa jeni.

ARN ni karatasi ndogo inayonakiliwa kutoka ukurasa mmoja wa kitabu. Karatasi hiyo inaweza kutoka kwenye kiini na kupelekwa mahali pa kazi.

Protini ni mfanyakazi anayetengenezwa pale karatasi inaposomwa. Protini zingine zinajenga ukuta wa seli. Zingine zinapitisha maji na chumvi. Zingine zinarudi kwenye kile kitabu kufungua kurasa fulani na kufunga zingine.

Kuwa na karatasi si kuwa na mfanyakazi. Karatasi inaweza kukaa siku nyingi bila kusomwa. Na mfanyakazi anaweza kuendelea na kazi hata kama karatasi yake imekwisha kuchanika. Njo maana watafiti hawatosheki na kuhesabu ARN tu. Wanatafuta protini zenyewe, ni zipi ziko, ziko ngapi, na ziko katika seli gani.

Siku kwa siku

Siku ya kwanza: yai limepata mbegu. Pamoja na ganda lake, upana wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ganda hilo linaitwa zona pelusida, na kwa panya limejengwa na protini tatu.

Siku ya pili: yai linagawanyika, zinakuwa seli 2.

Siku ya tatu: seli 4, kisha 8. Zile seli 8 zinakumbatiana kwa nguvu mpaka mipaka kati yao haionekani vizuri kwenye mikroskopi.

Siku ya nne: seli 16, kisha 32 na zaidi. Shimo lenye maji linafunguka katikati. Kiinitete cha namna hii kinaitwa blastosisti.

Siku ya tano: seli zinapita 100. Blastosisti inatoka kwenye ganda lake na kujishika kwenye tumbo la uzazi.

Jambo la ajabu ni kwamba kwa siku tatu za kwanza kiinitete kinagawanyika bila kunenepa. Ni kama mkate unaokatwa vipande: vipande vinaongezeka, mkate ni ule ule. Basi nguvu ya kufanya kazi yote hii inatoka wapi?

Posho ya mama

Inatoka kwa mama. Yai linapokomaa kwenye ovari linajazwa ARN na protini nyingi kama akiba. Ni sawa na mtoto anayetoka kijijini kwenda kusoma mjini na kiloba cha unga pamoja na samaki wakavu: siku za kwanza anakula kilichofungwa na mama, kisha lazima ajitafutie.

Uzito wa posho hiyo ulitia watafiti mshangao mwaka 2000, pale kikundi cha huko Marekani kilipotangaza kazi yake juu ya protini inayoitwa Mater. Walitengeneza panya jike wasio na jeni ya protini hiyo. Panya hao walikuwa wazima. Walikua vizuri, walitoa mayai kama kawaida, mayai yakapata mbegu. Lakini kila kiinitete kilisimama kwenye seli 2 na kufa. Hata kama baba alileta jeni nzuri ya Mater, haikusaidia kitu, kwa sababu protini hiyo ilitakiwa iwe imeshafungwa ndani ya kiloba mbele safari ianze.

Mtu akimwangalia panya jike wa namna hiyo kwa macho, hawezi kumtofautisha na mwenzake anayezaa. Hana ugonjwa na hajafanya kosa lolote.

Makabidhiano ya siku ya pili

Posho haidumu. Kwa panya, sehemu kubwa sana ya ARN ya mama inaharibiwa kufikia mwisho wa hatua ya seli 2. Wakati huo huo kiinitete kinafungua kitabu chake mwenyewe na kuanza kunakili karatasi zake. Haya ni makabidhiano ya kazi kati ya mama na mtoto.

Watafiti walijuaje? Kwanza kwa sumu. Kuna uyoga wa sumu wenye dawa inayoitwa alfa-amanitini, ambayo inazuia seli kunakili ARN mpya. Yai la panya likiwekwa katika sumu hiyo baada ya kupata mbegu, linagawanyika mara moja, linafika seli 2, na hapo linakwama. Maana yake mgawanyiko wa kwanza unaendeshwa na akiba ya mama peke yake. Kuanzia seli 2 kwenda mbele, bila karatasi mpya hakuna safari.

Kisha kwa picha. Mwaka 1982 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitangaza matokeo ya njia hii: unakilisha kiinitete kipande cha protini chenye mionzi kidogo. Kila protini inayotengenezwa saa ile inabeba alama hiyo. Unazitenganisha protini kwa ukubwa wake juu ya bamba la jeli, halafu unaweka filamu ya picha juu yake. Protini mpya zinajichora kama mistari myeusi. Ndani ya hatua ya seli 2 mistari ilibadilika: mingine ya zamani ilififia, mingine mipya ikatokea.

Na baba? Mwaka 1981 watafiti wa San Francisco, Marekani, walitumia protini moja ambayo kwa baba panya iko na umbo tofauti kidogo na la mama. Kwenye kiinitete cha seli 2 walikuta tayari lile umbo la baba. Basi kutoka siku ya pili mwanaume yuko kazini sawa na mwanamke. Kitabu kinachofunguliwa siku hiyo, nusu yake ni cha baba. Kikiwa na kurasa mbovu, ubovu unaweza kutoka upande wowote.

Seli nane zinashikana

Kwenye seli 8 kuna protini inayotenda kama mikono. Inaitwa E-kadherini. Inakaa kwenye ukuta wa nje wa seli, na kwa msaada wa madini ya kalsiamu inashika mikono ya seli ya jirani.

Mwaka 1977, kwenye Taasisi ya Pasteur mjini Paris, watafiti waliweka viinitete vya panya katika maji yenye kingamwili, ni kusema askari wa damu, zilizotengenezwa kushika protini za ukuta wa nje wa seli. Seli zilikataa kukumbatiana, zikabaki kama marumaru ndani ya mfuko. Kingamwili zilipoondolewa, zikakumbatiana tena. Njia hiyo njo ilifikisha wataalamu kwenye E-kadherini. Mwaka 1994 ilithibitishwa kwamba kiinitete kisicho na jeni ya protini hiyo hakiwezi kujenga ukuta mzuri wa nje. Kinaanza kukumbatiana kwa mikono ya akiba ya mama, lakini akiba ikiisha, kinalegea.

Bila ukuta huo hakuna blastosisti. Lile shimo la maji linajazwa na protini za ukuta wa nje zinazosukuma chumvi kwenda ndani. Maji yanafuata chumvi. Ukuta ukivuja, maji hayakai.

Nani atakuwa mtoto, nani atakuwa kondo la nyuma

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: si seli zote za kiinitete zinakuwa mtoto. Za nje zinakwenda kujenga kondo la nyuma. Mtoto mwenyewe anatoka kwenye seli chache za ndani.

Mwanzoni hakuna seli iliyoandikiwa kazi yake. Mpolandi Andrzej Tarkowski alionyesha hilo mwaka 1959. Aliua seli moja kati ya mbili, akaiacha nyingine, akairudisha kwenye tumbo la panya jike. Alizaliwa panya mzima. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Joanna Wróblewska walisema kwamba mahali seli inapojikuta, nje ao ndani, panaamua kazi yake.

Miaka mingi baadaye protini zinazosoma mahali hapo zilijulikana. Moja ni Yap. Kwenye seli ya nje, Yap inaingia kwenye kiini na kusaidiana na protini Tead4. Pamoja zinafungua jeni ya Cdx2, na Cdx2 inaamuru seli kufuata njia ya kondo la nyuma. Kwenye seli ya ndani, iliyobanwa na wenzake pande zote, Yap inazuiwa mlangoni. Cdx2 haiwaki, na protini nyingine, Oct4, inabaki na nguvu. Oct4 inailinda seli ili iweze kuwa kiungo chochote cha mwili.

Majaribio mawili yanaonyesha uzito wake. Mwaka 1998, huko Edinburgh, watafiti walionyesha kwamba kiinitete kisicho na Oct4 kinafika blastosisti, lakini seli zake za ndani zinageuka kuwa za njia ya kondo. Nyumba iko, mtoto hayuko. Mwaka 2005, huko Toronto, Kanada, walionyesha upande wa pili: bila Cdx2 blastosisti inaanza, kisha ukuta wake unashindwa kujishikilia, na kiinitete hakijishiki kwenye tumbo la uzazi.

Mbele ya kujishika kuna uchaguzi mmoja tena, kati ya zile seli za ndani. Zingine zinaonyesha protini Nanog, zingine Gata6. Mwaka 2006 ilionekana kwamba mwanzoni zimechanganyika tu, kama mahindi na maharagwe katika sufuria moja. Kisha zinajitenga: zenye Nanog zinabaki kwa ajili ya mwili wa mtoto, zenye Gata6 zinakwenda kujenga sehemu ya mfuko unaomlisha mwanzoni.

Mlango wa mwisho uko kwa mama

Tuseme posho ilikuwa nzuri, makabidhiano yamekwenda vizuri, seli zimegawana kazi. Bado mimba inaweza kukosa kushika.

Mwaka 1992 watafiti walitangaza habari za panya jike wasio na protini moja inayoitwa LIF. Protini hii inatengenezwa na tumbo la uzazi lenyewe, karibu siku ya nne. Kwa panya wasio nayo, blastosisti zilifika zikiwa nzuri kabisa, lakini hazikujishika. Watafiti walizitoa, wakaziweka katika tumbo la panya jike wengine wenye LIF. Zikajishika na kukua.

Mbegu ilikuwa nzuri, udongo njo haukuwa tayari. Kwa mtu anayeangalia kutoka nje, panya wasio na LIF na panya wasio na Mater wanafanana: wote hawazai. Lakini kwa mmoja shida iko kwenye yai, kwa mwingine iko kwenye tumbo la uzazi. Dawa moja haiwezi kuwafaa wote wawili.

Juu ya nini ilichukua muda kuhesabu protini

Kiinitete kimoja cha panya kina protini ya uzito wa nanogramu 25 hivi. Gramu moja ni nanogramu bilioni moja. ARN inaweza kunakiliwa mara nyingi kwenye labo mpaka iwe ya kutosha kupimwa. Protini haina njia hiyo: kilichopo njo kile kile.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tongji, Shanghai, walitoa kazi kubwa ambayo kwa kila hatua ilitumia viinitete 8,000, kuanzia yai lenye mbegu mpaka blastosisti. Kwa hesabu, viinitete 8,000 vinatoa miligramu 0.2 tu ya protini, uzito mdogo kuliko punje moja ya sukari. Kutoka humo walipima karibu protini 5,000. Walikuta kwamba kundi la protini kwenye hatua za seli 2 mpaka 8 linatofautiana wazi na lile la yai lenye mbegu, na linatofautiana pia na lile la siku ya nne. Safari ina vituo vyake, na kila kituo kina wafanyakazi wake.

Panya si mtu, lakini

Lazima tuseme wazi: mtu si panya mkubwa. Kwa panya makabidhiano yanafanyika kwenye seli 2. Kwa mtu ni kati ya seli 4 na 8, kama watafiti wa Uingereza walivyoonyesha mwaka 1988. Panya anajishika siku ya tano, mtu mara nyingi kati ya siku ya 6 na ya 10. Na mwaka 2017, huko London, ilionekana kwamba kiinitete cha mtu kikikosa OCT4 kinaharibika mapema kuliko cha panya, mbele hata ya kumaliza kujenga blastosisti.

Lakini panya amefungua njia mara nyingi. Mwaka 1958 Anne McLaren na John Biggers walitangaza kuzaliwa kwa panya ambao siku zao za mwanzo walizipitisha ndani ya chombo cha labo. Robert Edwards, aliyeanza kazi yake ya utafiti kwa panya, alifika na wenzake kwenye kuzaliwa kwa Louise Brown tarehe 25 Julai 1978, mtoto wa kwanza ambaye yai lake lilipata mbegu nje ya mwili. Mwaka 2010 Edwards alipewa Tuzo ya Nobel.

Mfano mwingine ni protini PADI6, inayokaa kwenye posho ya yai. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba panya jike wasio nayo wanapata viinitete vinavyosimama kwenye seli 2. Mwaka 2016 madaktari wa China walikuta jeni hiyo hiyo imeharibika kwa wanawake ambao viinitete vyao vilikuwa vinakwama kila mara kwenye labo. Ni panya aliyewaonyesha mahali pa kutafuta.

Yanayotuhusu hapa

Kwa watu, sababu inayojulikana zaidi ya mimba kupotea mapema ni hesabu mbaya ya kromozomu, zile juzuu za kitabu cha ADN. Kosa hilo mara nyingi linatokea wakati yai linakomaa, na linaongezeka kadiri umri wa mama unavyopanda. Linaweza pia kutoka kwenye mbegu ya baba, ao kutokea wakati seli zinagawanyika. Hakuna anayelichagua.

Panya ametuonyesha milango minne ambapo mimba inaweza kukwama mbele ya kujishika: posho ya yai, kufunguka kwa kitabu cha baba na mama, kugawana kazi kati ya seli, na kukubaliwa na tumbo la uzazi. Hakuna hata mlango mmoja ambao jirani, wifi ao mama mkwe anaweza kuuona kwa macho. Hata munganga hauoni bila vipimo. Ni vile vile kwa mtu anayeuza mizizi sokoni akisema inafungua tumbo: hajui ni mlango gani umefungwa.

Jambo la kufanya ni hili. Bwana na bibi wakikaa mwaka mmoja wakilala pamoja kawaida bila kinga na mimba haiji, waende kwa munganga wote wawili. Bibi akiwa amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi sita. Mwanaume apimwe mbegu siku zile zile bibi anapopimwa, asingoje mpaka vipimo vya bibi viishe. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vingi vya mwanamke, tena hakina maumivu. Na familia ingoje majibu hayo mbele ya kusema neno juu ya mtu yeyote.